Kiti cha Guka

Tangu nipate fahamu mkebe ule ulikuwa juu ya kabati la cucu, nyanya yangu. Wa bati, wa kuingia kiganjani, una vishikizo viwili vya kupitishia uzi. Ndani cucu aliweka sindano na vifungo vya mashati, na ukiutikisa ulikuwa unalia. Sikuuliza ulikotoka. Nani huuliza mkebe wa sindano umetoka wapi?

Januari 1996 nilikuwa naingia chuo, na barua ilisema karo ilipwe kwa bankers cheki, si taslimu. Guka, babu yangu, akasema pesa za kahawa ni zake na yeye ndiye atakayezipeleka. Alizifunga kwa karatasi ya unga, akazitia mfuko wa ndani wa koti, na kutoka Murang'a mpaka Nairobi hakuutoa mkono kifuani. Mama mmoja kwenye matatu alimwuliza kama moyo unamsumbua.

Tuliposhuka nilitaka tuingie benki ya kwanza tuliyoiona, tumalize, turudi. Akaipita. Ya pili pia akaipita. "Hizo sizijui," alisema, kana kwamba alikuwa na benki anayoijua. Maisha yake yote pesa zake zilikuwa za chama cha ushirika na za chini ya godoro. Tukaishika Kenyatta Avenue, ambayo yeye aliiita Delamere mpaka alipokufa, tukapita Posta Kuu, na kwenye kona ya Loita Street akasimama ng'ambo ya barabara.

Nililiona jengo la mawe ya kuchongwa, limebanwa na majumba marefu kama mzee aliyekaa katikati ya vijana kwenye matatu. Mlangoni kuna jina la benki, KCB. Ndilo Kipande House, ambalo nilikuwa nimelisikia jina lake tu. Guka alilitazama muda mrefu, kisha akasema, "Wamelisafisha."

Ndani foleni ilikuwa fupi. Keshia alikuwa msichana wa rika langu, kucha nyekundu, mpole. Alizihesabu noti zile zilizonuka unga bila kukunja uso, halafu akanyoosha mkono: "Mzee, nipatie kipande."

Kwetu Kenya kitambulisho bado tunakiita kipande. Hakuna anayefikiri analosema. Lakini guka alicheka. Alicheka mpaka akatoa leso akafuta macho, na watu wa nyuma wakaanza kuchungulia. "Mama," akamwambia yule msichana, "umeniomba hapa hapa!" Msichana akatabasamu kwa adabu, bila kuelewa. Hata mimi sikuelewa. Guka akatoa kitambulisho chake kipya, vile vilivyoanza kutolewa mwaka uliotangulia, akakigeuza nyuma na mbele. "Hiki hakina mahali pa sahihi ya mzungu," akasema.

Wakati cheki inaandaliwa ndipo aliponieleza, kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini ya mtu aliye kanisani. Nyumba hii ilijengwa 1913, na mwanzo ilikuwa ghala la mizigo. Ghala pale katikati ya mji lilikuwa na maana, maana enzi hizo reli ilipita hapo karibu, ilipo Uhuru Highway sasa. Baadaye serikali ya wakoloni ikaifanya ofisi ya kuandikisha Waafrika, na jina likaganda. Benki iliinunua 1976, ikaliacha jina kama lilivyo. Hilo la jina bado linanishangaza kidogo.

Sheria ya kipande ilitungwa 1915, ikaanza kuuma baada ya vita vya kwanza vya dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alibeba karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mshahara, na sahihi ya mwajiri. Karatasi ilikaa kwenye kikebe, kikebe kikaning'inizwa shingoni. Wazee wa kwetu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Wanawake hawakuvikwa; wao walikuja kuhesabiwa kuwa watu wa kitambulisho mwishoni mwa miaka ya sabini.

Guka alikuwa mpishi. Bwana wake mmoja aligombana naye kuhusu nyama iliyoungua, akamfukuza, akakataa kumtilia sahihi ya kuachishwa. Bila sahihi ile wewe ni mtoro, na hakuna mwingine wa kukuandika kazi. Ndiyo akaja hapa kujieleza.

"Mlango ulikuwa huu?"

"Mlango sikumbuki. Nakumbuka foleni. Ilikata kona kule." Akaonyesha kwa kidevu. "Siku mbili nilisimama. Ukichuchumaa askari anakugusa na fimbo."

Nikamwuliza mbugi yake aliitupa wapi.

"Kuitupa? Si cucu yako anaweka sindano?"

Cheki ikatoka. Niliikunja, nikaitia kwenye Biblia, nikageukia mlango. Guka hakunifuata. Pembeni kulikuwa na safu ya viti vya wateja, na yeye alikwenda akakaa kwenye cha katikati, akavua kofia, akaiweka gotini, akanyoosha miguu.

Nilisimama mbele yake nikidhani amechoka. Dakika kumi. Ishirini. Watu waliingia, wakatoka. Mwishowe askari wa mlangoni akaja, kijana mwenye rungu kiunoni, akainama kwa heshima.

"Shikamoo mzee. Unasubiri nani?"

"Marahaba. Simsubiri mtu," guka akasema. "Nimekaa."

Askari akanitazama mimi. Nikainua mabega. Akarudi mlangoni kwake.

Nami nikakaa kiti cha pili. Saa ya ukutani ilisogea mpaka karibu saa saba mchana, na njaa ikaanza kuniuma mimi, si yeye.