Uji wa shule yetu ulianzia kwenye korosho

Kwetu huku juu, kwenye uwanda wa Makonde, mwezi wa pili ndio mgumu. Hela ya korosho imeshakwisha, mahindi shambani bado mabichi, na makopa, yaani mihogo mikavu, ndani ya kihenge yanahesabika. Mwezi kama huo, nikiwa mjumbe wa kamati ya shule katika kijiji kimoja cha Tandahimba, mkoani Mtwara, nilikwenda darasani kukagua madawati. Saa nne asubuhi nikamkuta binti wa darasa la tatu amelaza kichwa juu ya daftari. Nikadhani homa.

"Mwanangu, umekula nini?"

"Jana tulikula," akajibu.

Tangu 2016 ada imefutwa, na hilo limeleta watoto wengi shuleni. Lakini chakula ni jukumu letu wazazi. Niliandikia mashirika matatu yanayosaidia elimu ya watoto. Moja tu lilijibu, nalo liliuliza: ninyi ni nani, mmesajiliwa wapi, na wenyewe mmechangia nini? Niliumia sana siku ile. Sasa naona walikuwa na haki ya kuuliza.

Tukaunda kikundi cha watu 15. Tuliandika katiba, tukapata barua ya mtendaji wa kijiji, afisa maendeleo ya jamii akatupeleka hadi halmashauri. Jalada letu lilipotea mara moja katika ofisi fulani, tukaanza upya. Miezi minne ikapita, cheti kikatoka, tukafungua akaunti yenye watia saini watatu.

Mchango wa uji tuliuweka wakati mzazi ana kitu mkononi, yaani msimu wa korosho. Kilo mbili kila kaya. Kwenye mkutano mzee mmoja alisimama: "Mama, kangomba imeshanimaliza, korosho zangu zimeuzwa kwa bakuli tangu zikiwa maua. Hizo kilo mbili nitoe wapi?" Kangomba ni ile biashara ya walanguzi wanaonunua korosho mapema kwa bei ya chini, mkulima akiwa na shida. Alisema kweli, na hakuwa peke yake. Tukakubaliana asiye na korosho alete kuni au ndoo ya maji, na anaandikwa kwenye daftari lilelile, ukurasa uleule. Naamini hilo ndilo lililotuokoa, maana hakuna aliyeona aibu kuja.

Tulipima hadharani chini ya mwembe wa shule. Zilipatikana kilo 231. Chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima unaopokea korosho, kikazirudisha, hazijakauka. Akina mama wakazianika upya kwenye majamvi siku mbili, wakizigeuza na kuzitikisa sikioni kusikia kama zinalia. Safari ya pili zikapokelewa, zikaenda mnadani kwa jina la kikundi. Hela ilipoingia benki tulisoma stakabadhi mbele ya wazazi wote, hadi shilingi ya mwisho.

Hela hiyo isingelisha shule nzima, tulipiga hesabu wazi. Tukachagua darasa la kwanza hadi la tatu, watoto 110, gramu 40 za unga kwa kila mmoja, siku 60 za masomo kuanzia Januari. Tungegawa kidogo kwa wote, uji ungekuwa maji ya moto tu.

Ndipo nikarudi kwa lile shirika na daftari mkononi. Walikuja wenyewe, wakahesabu watoto, wakaonja uji. Walichotoa ni vile tusivyoweza: sufuria mbili kubwa, mifereji ya bati na tangi la maji ya mvua, maana maji huku tunanunua kwa ndoo. Pia wakafundisha vijana wetu wanne kujenga jiko banifu, lile linalotumia kuni chache. Vijana hao walikuwa wanashinda kijiweni. Sasa wanaitwa vijiji vya jirani kujenga majiko, na wanalipwa.

Mahudhurio ya madarasa yale matatu mwezi wa pili uliofuata, mwalimu mkuu alinionyesha rejista mwenyewe, karibu kila mstari una alama ya vema.

Mwaka huu tunataka kufika darasa la nne. Tumepungukiwa kilo mia hivi. Jumamosi tunapima tena chini ya mwembe, na yule mzee ameshatuma mjukuu kusema atakuja na zake.