Kabla hujaicheka Nosferatu, kagua nakala yako

Mnyonya damu ambaye mwanga wa jua humuua anatembea mjini mchana kweupe, jeneza lake kwapani. Ukiitazama Nosferatu, filamu bubu ya mwongozaji Mjerumani F. W. Murnau (1922), kwenye nakala nyingi zinazozagaa mtandaoni, ndicho utakachokiona, na kisa kizima kinavunjika hapo. Kosa si la Murnau. Mikanda ya wakati ule ilihitaji mwanga mwingi mno, kwa hiyo matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha nakala za kuonyeshea zikachovywa rangi: bluu kwa usiku, njano kwa mchana na vyumba vyenye taa, waridi kwa alfajiri. Negativu yenyewe, yaani mkanda wa kamera ambao mwanga na giza vimegeuzwa, haikuwa na rangi. Waliokuja kunakili baadaye kwa nyeusi na nyeupe waliufuta usiku wote.

Basi anza na rangi. Jeneza linapopitishwa, picha iwe ya bluu. Ikiwa ya kijivu, tafuta nakala nyingine. Majina nayo huumbua: katika maandishi ya Kijerumani yanayotokea kati ya picha, mnyonya damu ni Orlok na mji ni Wisborg. Ukisoma Dracula na Bremen, hiyo imetokana na nakala zilizobadilishwa kwa wasomaji wa Kiingereza.

Kasi ndiyo inayosumbua zaidi. Filamu ilitoka ikiwa na urefu wa mita 1,967, na mita moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu (picha moja moja) 52 na ushei. Kwa fremu 18 kwa sekunde, hiyo ni kama dakika 95. Ikirushwa kwa fremu 24, kasi iliyokuja kuzoeleka baada ya sauti kuingia, inaisha kwa dakika 72 hivi na watu wanatembea kama wanaokimbizwa. (Muda peke yake usikudanganye, maana nyingine fupi zimekatwa vipande. Angalia miguu.)

Nakala ikikimbia na una VLC (programu ya kuchezea video), weka kasi 0.75 na uzime muziki, kwani utaburuzika. Ila kwanza simamisha picha, bonyeza E usogee fremu moja moja. Ukikuta katika kila fremu nne moja imejirudia, aliyeinakili ameshairefusha. Ukipunguza tena, wahusika watatembea kama waliolewa usingizi.

Kuna sehemu moja ambayo lazima ikimbie. Gari la farasi linalokuja kumchukua Hutter, kijana anayesafiri kwenda kwa Orlok, linakwenda kwa mikatiko isiyo ya kawaida, halafu msitu unaonyeshwa kwa negativu, miti myeupe chini ya anga jeusi. Ni makusudi: Hutter ameshavuka, huku si kwa binadamu tena. Hila hiyo inafanya kazi ikiwa tu watu wa kule kwenye nyumba ya wageni walitembea mwendo wa binadamu. Kwenye nakala inayokimbia nao wanarukaruka vilevile, na gari lile halimtishi mtu.