Jinsi mwanangu alivyojifunza kumeza kapsuli

Mwanangu wa miaka minane ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Daktari alipomwandikia kapsuli za haidroksiyurea, kila jioni ikawa kilio. Kuifungua kapsuli na kumwaga unga kwenye uji haikuwezekana: mfamasia alinionya kwamba unga huo haufai kuguswa kwa mikono mitupu wala kuvutwa puani.

Mazoezi tuliyafanya mchana, mbali na saa ya dawa, akiwa ametulia. Tulianza na punje moja ya wali, akaimeza kwa maji bila kutafuna. Kisha mbili, kisha kidonge cha mkate laini nilichokifinyanga, kikikua taratibu. Akikwama tunarudi hatua moja nyuma, bila kumkemea.

Kilichomaliza kazi ni shingo. Watoto wengi huinua kichwa juu, kumbe kapsuli ni nyepesi, huelea majini. Kichwa kikiinuliwa, yenyewe hubaki mbele karibu na meno. Nilimwambia aketi wima, aiweke ulimini, apige funda la maji, ainamishe kidevu kuelekea kifuani, ndipo ameze. Ikateremka! Kidonge chake kingine, cha foliki asidi (vitamini ya kusaidia kutengeneza damu), huzama; hicho humeza akitazama mbele tu.

Sasa baada ya chakula cha jioni ananiletea kikombe cha maji mwenyewe.