Amabere na watoto: jiandae kwa maji, si kwa giza

Mtu akisikia pango, kitu cha kwanza anachotia begini ni tochi. Kwa Amabere ga Nyinamwiru, kilomita 8 hivi kutoka Fort Portal, magharibi mwa Uganda, ukishika barabara ya Bundibugyo, tochi ndogo moja inatosha. Mapango haya ni mafupi na mwanga wa mchana unaingia. Kinachoharibu safari ya familia pale ni maji: kuna maporomoko mlangoni, dari inadondosha matone, njia ni tope.

Maji hayohayo ndiyo yaliyojenga kila kitu. Mvua ikipita kwenye udongo wenye majani yanayooza hubeba kaboni dioksaidi, ikawa asidi hafifu, ikayeyusha chokaa iliyomo kwenye mwamba. Tone likining'inia darini, gesi inatoka na chokaa kidogo inabaki. Stalaktiti, yaani jiwe hilo linaloning'inia darini, mara nyingi hukua kwa sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, yaani sentimita 10 ni kazi ya miaka elfu moja hivi. Na usimwambie mtoto kwamba chokaa hii ilitoka baharini kama ile ya mapango ya Amboni kule Tanga. Volkano za Fort Portal zilirusha majivu yenye chokaa ndani yake, jambo adimu duniani. Mwamba wa Tororo nao ni wa ukoo huo.

Msimu kwanza. Likizo ya Desemba na Januari ndiyo nzuri. Ile ya Mei hukuta mvua za masika hazijaisha, na kijia cha kuteremkia kinateleza vibaya. Kandambili ziacheni hotelini. Vaeni gambuti au raba zenye meno. Kila mtoto awe na nguo kamili za kubadili, zikae garini, maana mkizibeba zitalowa pia. Simu itieni kwenye mfuko wa plastiki, na kitambaa kikavu kiwe karibu: rasharasha za maporomoko hutanda kwenye kioo cha kamera na picha zote zinatoka na ukungu.

Pandeni kilima cha kutazama maziwa ya kreta, yale yaliyojaa kwenye mashimo ya volkano, kwanza, asubuhi, miguu ikiwa mikavu. Pango lifuate. Watu wengi hugeuza mpangilio huo, kisha watoto wanapanda mlima na soksi zilizoloa wakilia. Karibu na maporomoko, kila mtoto wa chini ya miaka 7 ashikwe mkono na mtu mzima wake.

Kazi ngumu zaidi ni mikono. Mafuta ya ngozi yakipaka jiwe, chokaa haishiki tena vizuri mahali hapo, na ncha iliyovunjika hairudi katika maisha ya yeyote kati yenu. Kukemea hakusaidii sana. Wapeni shughuli: chagueni ncha moja, mulikeni tochi kwa ubavuni, mhesabu sekunde kati ya tone na tone. Tone hujaa, hutetemeka, huanguka, na lingine huanza kuvimba.

Mwongozaji atasimulia habari za mfalme Bukuku, aliyemkata matiti bintiye Nyinamwiru ili asiolewe. Binti akamzaa Ndahura wa Bachwezi, watawala wa kale wa hadithi za huko, hata hivyo. Weupe wa matone unaitwa maziwa yake. Hadithi ni nzuri ila ina kisu, basi kama mna wadogo mwambieni mapema apunguze.

Kutoka Kampala ni kilomita 300 hivi kupitia Mityana, Mubende na Kyenjojo. Laleni Fort Portal. Kwenda na kurudi siku moja ni kuwatesa watoto kwa ajili ya nusu siku ya matembezi.

Mkiendelea kusini hadi msitu wa Maramagambo, kanuni inabadilika kabisa. Pango la chatu lina popo wa matunda kwa maelfu, na popo hao hubeba virusi vya Marburg, vinavyoua kama Ebola. Mtalii kutoka Uholanzi aliyeingia humo mwaka 2008 alifariki. Popo hutazamwa kwa mbali, kutoka chumba cha vioo. Pango lolote jingine lenye harufu kali ya kinyesi cha popo, hata mwenyeji akisema watoto wake huchezea humo, msiingie.