Watoto 84, visoda 600 na beseni moja la maji

Januari 2017 mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia naachia Darasa la Tano, nahamia Awali. Nilitoka pale moyo mzito. Nilikuwa na miaka tisa kazini, Hisabati ndiyo somo langu, na shuleni kwetu, pembezoni mwa jiji la Tanga, darasa la awali lilionekana kama mahali pa kupumzikia mwalimu anayekaribia kustaafu. Jumatatu ile nilipofungua mlango nilikuta watoto 84 sakafuni. Wengine wanalia, wengine wamelala. Mwongozo ulitaka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Lakini tulikuwa mwaka wa pili wa elimu bila malipo, na Sera ya Elimu ya 2014 ilikwishafanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Wazazi waliitikia, wakaleta watoto, na ilikuwa haki yao.

Miezi miwili ya kwanza nilifundisha kama nilivyozoea. Niliandika a, e, i, o, u ubaoni, wakaimba nyuma yangu, kisha nikapita kukagua madaftari. Kipindi cha awali kilikuwa dakika 20. Ukimpa kila mtoto dakika moja, kengele inalia hujafikia hata robo ya darasa. Waliokaa nyuma walikuwa wanakwaruza mistari tu, penseli wameishika kwa ngumi kama mchi. Baada ya uji wengine hawakurudi darasani kabisa.

Siku moja nilikwenda kuwatafuta nikawakuta nyuma ya vyoo, chini ya mwembe, wanacheza mdako. Aliyekulia huku kwetu anaujua: kishimo kidogo kimejaa kokoto, unarusha jiwe juu, unazikomba kokoto nje kabla jiwe halijatua, unalidaka, unarusha tena na kuzirudisha kokoto shimoni ukibakiza moja nje. Raundi inayofuata unabakiza mbili, kisha tatu. Kulikuwa na mtoto pale ambaye asubuhi ile nilimsimamisha ahesabu hadi tano akabaki ananitazama. Sasa alikuwa anamkemea mwenzake: "Umebakiza nne! Tuko tatu!" Hakuwa amezihesabu. Alitupa jicho mara moja akaona kwamba zimezidi.

Nilibaki nimesimama pale muda mrefu. Darasa la Tano nilikuwa nalalamika kila siku kwamba watoto hawaoni kuwa saba na tatu ni kumi mpaka wakunje vidole. Wanaimba namba hadi mia lakini hawaioni namba kama kitu chenye ukubwa. Na hapa mtoto wa miaka mitano alikuwa anaiona namba tatu kama anavyouona uso wa mama yake, kwa sababu kwenye mchezo ule tatu ina maana, na ukikosea unatolewa.

Jioni nikatoa muhtasari wa elimu ya awali kabatini, ule wa 2016, nikausoma taratibu kwa mara ya kwanza. Umahiri uliotajwa humo ni wa kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na stadi za awali za kihisabati. Kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zenye vitu vya kuchezea na kujifunzia, zimeelezwa. Michezo imeelezwa. Madaftari niliyokuwa nayapigania hayakuwa moyo wa ile kazi hata kidogo.

Nikaanza kukusanya vitu. Wenye maduka ya vinywaji walinitunzia visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, nikafikisha kama 600. Kila kimoja nilikigonga kwa jiwe makali yake yalale, maana yanakata vidole. Kwa kuwa tumezungukwa na mashamba ya mkonge, nyuzi nilipata bure, tukazisokota kamba na wanasesere. Wazazi wavuvi walileta kipande cha wavu na makombe ya pwani. Udongo wa mfinyanzi tulichimba bondeni. Pakiti tupu za chumvi, majani ya chai na sabuni zikawa duka. Mwanzoni niliweka na maharage ya kuhesabia, mpaka mtoto mmoja alipolisukuma moja ndani ya pua. Tulikimbia naye zahanati likatolewa salama, lakini sijayarudisha maharage darasani tena. Natumia kokwa kavu za embe.

Siku niliyofungua kona zote sita kwa mpigo ilikuwa vurugu. Watoto zaidi ya 30 walijazana dukani, mmoja akang'atwa mkono, mwanasesere akachanika vipande viwili. Nilitaka kufunga kila kitu nirudi ubaoni. Aliyenisaidia ni mwalimu mwenzangu aliyewahi kufanya kazi Unguja. Yeye aliziona kule shule za awali za mpango wa Madrasa, ule ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 ukafika Zanzibar na Uganda. Akanieleza kwamba kule mtoto hupanga kwanza anachotaka kufanya, anakifanya, kisha anakaa na wenzake kusimulia alichofanya. Na kwamba uhuru wa kuchagua una utaratibu wake, hauji wenyewe.

Utaratibu tulioubuni ni huu. Kwenye kila kona nilipigilia misumari saba, kila msumari una mkufu wa kamba ya mkonge. Ukitaka kuingia dukani, unavaa mkufu wa duka. Mikufu ikiisha, duka limejaa, nenda kona nyingine au subiri mtu atoke. Kona sita, watoto saba saba, hao ni 42. Wengine 42 wako nje na mzazi, wanacheza ukuti, kombolela, kuruka kamba, au ule mchezo wa kucheza ngoma na kuganda kama gogo ngoma ikinyamaza. Kipindi kikiisha wanabadilishana. Huo mchezo wa kuganda naupenda sana. Mtoto mwenye miguu inayowasha kukimbia anajizuia mwenyewe, bila fimbo na bila makelele yangu, na anayejifunza kujizuia kwenye ngoma ndiye atakayeweza kusubiri zamu yake darasani.

Mikufu ilichukua wiki mbili kuzoeleka. Baada ya hapo watoto ndio waliokuwa wanakumbushana.

Mzazi wa kwanza kuja kunisaidia alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua langoni. Biashara yake huisha saa tatu asubuhi, na mjukuu wake alikuwa darasani kwangu. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akajibu tu, "Marahaba mwanangu, nikae wapi?" Nikamkalisha kwenye beseni la maji. Kesho yake akaja na pishi ya zamani ya kwake na kopo la kibaba, vile vipimo vya nafaka vya zamani. Hakufundisha kitu. Alikaa akiwatazama watoto wakichota, wakimwaga, wakijaza. Kisha akauliza kana kwamba anajiuliza mwenyewe: "Sijui vinaingia vingapi humu?" Mmoja akasema kumi. Mwingine akasema viwili. Wakaanza kujaza. Walipofika vinne maji yakafurika. Hawakuamini, wakamwaga, wakarudia. Wiki nzima hakuna aliyetaka kuondoka kwenye beseni. Pishi moja ni vibaba vinne, bibi zetu wote wanalijua hilo, ila mimi nilimaliza chuo cha ualimu bila kufikiria kwamba ni somo la mtoto wa miaka mitano. Beseni lenyewe tunalimwaga na kulifunika kila mara tukimaliza, hilo silegezi. Maji kidogo sana yanatosha kumdhuru mtoto mdogo.

Mjukuu wa yule bibi ndiye sababu hasa ya mimi kuandika haya. Alikuwa ameletwa kutoka Lushoto Desemba ile, nyumbani kwao wanazungumza Kisambaa, na tangu Januari hadi Mei sikusikia sauti yake. Nikimwita jina anainamisha kichwa. Nilikwishaanza kufikiri huenda hasikii vizuri.

Asubuhi moja mimi nilikuwa muuzaji dukani. Alikuja na mkufu shingoni, akasimama nyuma ya wenzake mpaka wote wakaondoka. Mkononi alikuwa na chupa tupu ya plastiki aliyoiokota kwenye kona ya nyumbani. Akaiinua juu kwa mikono miwili akaiweka mezani. Akasema, "Mafuta ya taa." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Usimwage."

Hayo ni maneno ya bibi yake. Kila jioni akimtuma dukani humwambia hivyo. Mwili mzima ulinisisimka, lakini sikushangilia. Niliona nikishangilia nitamrudisha ndani ya ganda lake. Nikachukua chupa, nikajifanya napima, nikasema, "Haya baba, shika vizuri, visoda vitatu." Akanihesabia vitatu, kimoja kimoja, akaondoka na chupa yake ameubana mdomo wa chupa kwa kiganja ili yasimwagike mafuta ambayo hayakuwemo. Alizunguka darasa zima hivyo hadi akaifikisha kona ya nyumbani. Kesho yake alitaka yeye awe muuzaji.

Watu wengi wakisikia watoto wanacheza hudhani mwalimu amekaa kivulini. Kazi yangu kwenye kona ni kubwa kuliko ilivyokuwa ubaoni. Naingia dukani kama mteja, natoa visoda vitano, nanunua chumvi ya vitatu, nauliza chenji yangu iko wapi. Mtoto anahangaika, anavipanga vitano chini, anavitenga vitatu, ananisukumia viwili. Nikimjibia mimi nimemnyang'anya somo. Nikinyamaza kupita kiasi anakata tamaa anakwenda kwenye udongo. Kupima hapo katikati ndiko kunakonichosha nikirudi nyumbani. Halafu dakika kumi za mwisho tunakaa duara, watatu au wanne wanasimulia walichofanya, na pale ndipo Kiswahili chao kinapokua, maana mtoto ana kitu cha kusema.

Juni wazazi waliitisha kikao. Baba mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, mwanangu anarudi na udongo kwenye kucha, daftari jeupe. Mtoto wa jirani anayelipiwa ada anaandika hadi sitini." Wengi walitikisa kichwa kumuunga mkono. Yaliniuma, lakini nilimwelewa. Mtu anayeamka usiku kwenda baharini anataka kuona kitu anachoweza kukishika, na daftari linashikika.

Sikuwahutubia. Niliwaomba watoke kwenye viti waende kwenye kona. Kwenye maji niliweka chupa nyembamba ndefu na bakuli pana, nikawauliza ipi inabeba zaidi. Watu wazima walibishana mpaka wakaanza kupima. Kwenye udongo niliwaomba wafinyange vishanga vidogo kumi, kisha nikawauliza vidole gani vimechoka. Kidole gumba na vile viwili vinavyofuata. Hivyo hivyo ndivyo vinavyoshika penseli. Mtoto anayefinyanga na kusokota mkonge miezi sita anajenga nguvu ya kuandika, na yule anayelazimishwa kuandika kabla misuli haijakomaa hushika kalamu kwa ngumi, na kuliondoa zoea hilo baadaye ni kazi.

Mwisho nilileta boksi. Tangu Machi nilikuwa natunza michoro ya watoto, nyuma nimeandika tarehe. Nikamtafutia yule baba miwili ya mwanawe. Wa Machi ulikuwa mizunguko tu ya mkaa. Wa Juni ulikuwa na mtumbwi, tanga, na mtu mwenye macho, mikono na vidole, vitano kila mkono. Alivihesabu vidole vile mwenyewe. Akaniuliza, "Huyu ni mimi?" Nikamwambia ndivyo alivyonieleza mtoto. Akaomba aondoke nao.

Tulikubaliana madaftari yatoke mara mbili kwa wiki. Wapo walimu walioniambia nimerudi nyuma. Mimi naona nilifanya sawa, kwa sababu mzazi asiyeona alama yoyote nyumbani atamhamisha mtoto ampeleke mahali atakapokariri siku nzima, na hapo aliyepoteza ni mtoto.

Mwaka ulipoisha si wote walijua herufi zote. Nilimwambia mwalimu wa Darasa la Kwanza hivyo hivyo bila kuficha. Machi yake aliniambia kwamba anaweza kuwapa kazi ya vikundi akageuka kumsaidia mmoja, na hawararuani. Walikuwa wanauliza maswali hadi wanamchosha.

Sijarudi Darasa la Tano. Mwaka 2024 nilikuwa na watoto 71. Wiki za kwanza sifungui kona zote. Naanza na maji, udongo na mdako. Duka linafunguliwa wiki ya nne, wakishazoea mikufu. Bibi miguu haimruhusu kuja tena, ila pishi yake bado iko kwenye beseni. Mwaka huo wa 2024 mjukuu wake alikuwa Darasa la Saba. Ijumaa alikuwa akipita mlangoni kwangu, ananiamkia, ananiachia mfuko wa visoda alivyookota njiani. Vyote alikuwa amekwishavigonga kwa jiwe.