Wamchambulia Nani?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Wiki hii nimekwama kwenye aya mbili tu za Surat Sabaa, ya 10 na ya 11, na sijataka kuondoka. Allah anatutajia fadhila aliyompa Nabii Daud, alayhi salaam: milima iliamrishwa imsabihi Mola pamoja naye, na ndege vilevile. Basi mtu unangoja, mja wa daraja hiyo ataambiwa nini tena? Kinachofuata ni chuma. Chuma kikalainishwa mkononi mwake, akaamrishwa atengeneze deraya, yaani mavazi ya chuma ya vitani, zilizo kamili, na apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Wafasiri wameeleza kupima huko: msumari wa pete usiwe mwembamba ukachezacheza ndani, wala usiwe mnene ukaipasua pete. Yaani milima inasabihi pamoja naye, na wahyi unamshukia juu ya unene wa msumari.

Kisha tazameni aya inavyomalizika. Amri ya kupima alipewa yeye peke yake; papo hapo maneno yanageuka kuwa ya wengi: tendeni mema, hakika Mimi nayaona mnayoyatenda. Zamani nikisoma "mema" pale nilikuwa nawaza sala na sadaka. Siku hizi siwezi tena kuyatenganisha na ule msumari.

Nililelewa Mtambwe, kwa babu yangu mzaa mama. Msimu wa karafuu Pemba hapana mtoto anayekaa bure. Mchana wakubwa wako juu ya mikarafuu, mtu anavuta tawi kwa upembo taratibu, maana tawi la mkarafuu halikawii kukatika, na likikatika umeshakula mavuno ya mwakani. Jioni mashada yanamwagwa uani, tunakaa kuchambua: karafuu huku, vikonyo kule. Taa ya chemni katikati, vidole vinanata mafuta, vinawasha, na harufu ile hata asubuhi unaisikia kwenye uji.

Sisi watoto babu alitulipa kwa kila pishi, kile chombo cha kupimia, tuliyoijaza karafuu: vijisenti vya kununulia ubuyu. Usiku mmoja nikagundua kwamba vikonyo vifupi ukivitia chini, pishi inajaa upesi. Nikajaza. Babu hakunigombeza. Aliimwaga ile pishi juu ya jamvi mbele yangu, akavitenga vikonyo kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, halafu akaniuliza:

"Mwanangu, hizi wamchambulia nani?"

"Nakuchambulia wewe, babu."

"Mimi usiku sioni hata."

Akanirudishia pishi tupu.

Miaka mingi niliihesabu ile kuwa ni adhabu tu ya mtoto mwizi. Baadaye nikaja kusomeshwa hadithi ya Shaddad bin Aus aliyoipokea Imam Muslim, kwamba Allah ameandika ihsani, yaani kufanya jambo kwa uzuri wake, juu ya kila kitu. Kila kitu! Na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipotaka kutoa mfano wake hakwenda mbali: ukichinja, chinja vizuri, na kisu chako ukinoe. Ihsani ikashushwa mpaka kwenye makali ya kisu, mahali ambapo anayejua kama umefanya au hukufanya ni wewe, mnyama na Mola wako.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Mikarafuu ya zamani ya visiwa hivi ilipandwa na kuchumwa na watumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria Zanzibar mpaka 1897. Asije mtu akaichukua tafakari hii akamsomee kibarua ambaye hajamlipa. Tumeamrishwa kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na huko nako ni kupima sawasawa. Tuendelee.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, mwaka wa 13 huu. Kusema kweli si kazi niliyoiota. Alama zangu ndizo zilizonipeleka huko. Vijana huniuliza, maalim, kazi ninayoipenda nitaijuaje? Wanaitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo ulioanguka mchangani. Nawajibu kwa kisa hiki kimoja, maana sina kingine.

Mwaka jana, alasiri moja, nina madaftari 64 ya hisabati mezani na mwili umechoka. Natia vema, vema, vema, jicho nusu. Kesho yake akaja mtoto wa darasa la tatu, daftari kalikumbatia kifuani.

"Maalim, kaka yangu kasema hii nimekosea. Mbona umenitia vema?"

52 toa 27. Kaandika 35.

Sikuwa na la kusema. Nikaiona ile pishi inamwagwa jamvini.

Nikayakusanya madaftari yote upya. Safari hii nilisema Bismillahi kama nisemavyo kabla ya kula, nikaanza kusoma, na wallahi nilishangaa. Makosa yana akili ndani yake. Yule mtoto hakuwa akikosea ovyo: 7 haitoki kwenye 2, basi yeye anaitoa 2 kwenye 7, anaandika 5, anasonga mbele. 83 toa 25, kaandika 62. 94 toa 38, kaandika 64. Ana kanuni yake, kaifuata kwa uaminifu ukurasa mzima, na mimi nilikuwa napitisha kalamu juu yake tu. Nikachukua daftari la pili, nikakuta kanuni nyingine. La tatu, nyingine. Nilikaa mpaka usiku mkubwa (isha niliswali kwa wakati wake, msinifikirie vibaya) nikitafuta kila mtoto anawaza nini, wala sikumbuki kuchoka. Ile hamu wanayoniulizia vijana ilinifika usiku ule, ikanikuta nimeshainama mezani.

Siku hizi siyasahihishi yote kwa mara moja. Nachukua 15, nayasoma, mengine yanangoja. Wenzangu wengine wananiona mvivu.

Ama yule mtoto, siku ya pili yake nilimbebea vikonyo vikavu kutoka nyumbani, nimevifunga kwa uzi kumi kumi. Nikampangia mezani mafungu matano, na viwili pembeni.

"Haya, 52 hizo. Nipe 7."

Akanipa viwili. Akasita. Akayatazama mafungu, akanitazama mimi.

"Maalim, nifungue moja?"

"Fungua."

Fundo nililikaza mno. Akalitia menoni, akaanza kulivuta.