Chupa ya pauni 14 na chupa ya pauni 150

Mwaka 2019 huko Scotland hukuweza kupata dukani chupa ya wiski kwa chini ya pauni 14. Sheria ya bei ya chini, iliyoanza kutumika Mei 2018, ilidai angalau peni 50 kwa kila yuniti ya kileo, yaani kila mililita 10 za kileo halisi. Chupa ya mililita 700 yenye kileo cha asilimia 40 ina yuniti 28. Zidisha, unapata pauni 14 kamili. Chupa ya namna hiyo, mchanganyiko wa supamaketi (wiski za viwanda mbalimbali zikiwa pamoja) usiotaja umri, ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote mezani kwetu jioni ile ya Novemba, kwenye fleti moja ya Leith, bandari ya Edinburgh. Ya bei ya juu ilikuwa ya pauni 150, mchanganyiko nao, umelala ndani ya boksi lenye kitambaa. Shemeji yangu alizawadiwa na hakuwa ameifungua.

Ubishi ulikuwa wa siku nyingi. Shemeji alishikilia kwamba bei haidanganyi. Mimi wakati huo nilikuwa nahudumu kwenye baa ya wiski, na msimamo wangu ulikuwa kwamba bei husema kweli mpaka mahali fulani, halafu huanza kusema mambo mengine. Njia ya kuumaliza ilikuwa moja tu: kuonja bila kujua kilichomo kwenye glasi.

Kati ya hizo mbili tuliweka tatu. Johnnie Walker Black Label, kama pauni 28. Bunnahabhain 12, yaani ya miaka kumi na miwili, kimea kitupu (wiski ya shayiri iliyooteshwa tu) cha kiwanda kimoja kisiwani Islay, kama pauni 40. Na Lagavulin 16, ya kisiwa hichohicho, iliyokuwa inakaribia pauni 60. Tulionja watu sita. Mzee mmoja Mskoti, jirani aliyestaafu kazi ya maghala ya wiski, alikubali kumimina jikoni mlango ukiwa umefungwa. Yeye mwenyewe hakuonja, na hilo lina maana: anayemimina akionja, uso wake unatoa siri.

Alianza kwa kunusa glasi tupu. Zilikuwa glasi za tumbo pana na mdomo mwembamba, zimehifadhiwa kabatini kifudifudi. Glasi ikikaa hivyo hunasa hewa ya kabati, mbao na boksi, na harufu hiyo utaihesabu kuwa ya wiski. Zote zikasuuzwa kwa maji ya moto bila sabuni, zikaachwa zikauke zenyewe zikiwa wima. Kitambaa cha kufutia nacho kina harufu yake. Kisha akazifunga karatasi ya foili mpaka karibu na mdomo ili rangi isionekane. Sheria ya Scotland inaruhusu kuongezwa rangi ya karameli, kwa hiyo wiski ya miaka mitatu inaweza kukolea sawasawa na ya miaka kumi na tano. Ukishaiona rangi, jicho limekwisha kuhukumu kabla pua haijafika.

Kazi iliyofuata ndiyo watu wengi huiruka. Chupa zetu hazikuwa na nguvu sawa: tatu zilikuwa asilimia 40, Lagavulin 43, Bunnahabhain 46.3. Ukizimimina hivyohivyo, yenye nguvu zaidi itaonekana nzito na ya maana, na utakuwa umepima kileo badala ya wiski. Mzee alitumia bomba la sindano la famasi, bila sindano. Kwa zile za asilimia 40, mililita 15 kwa kila glasi. Kwa Lagavulin, mililita 14 za wiski na 1 ya maji. Kwa Bunnahabhain, 13 za wiski na 2 za maji. Zote zikawa na ujazo mmoja na nguvu moja, asilimia 40 na nukta kidogo.

Glasi zilikuwa sita kwa kila mtu, si tano. Black Label iliwekwa mara mbili, ya pili na ya tano, kila moja na namba yake ya tarakimu tatu, na hatukuambiwa. Mpangilio ulipigwa kura isipokuwa kwa Lagavulin, iliyowekwa mwisho makusudi. Kimea chake hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani ule udongo mweusi wa majani yaliyooza unaochimbwa kwenye mbuga za maji, na moshi huo ukishakaa puani na ulimini, chochote kitakachofuata kitanuka moshi. Alama zilikuwa 20: 8 za harufu, 8 za ladha, 4 za kile kinachobaki kooni ukishameza. Kopo la kutemea lilikuwepo. Mililita 90 za wiski si nyingi, ila ni karibu yuniti nne, na glasi ya sita inastahili ulimi ulio macho kama ule wa glasi ya kwanza.

Dada mmoja wa Tanga, muuguzi, ndiye aliyekuwa na pua kuliko sisi sote, ingawa wiski yenyewe hakuizoea. Labda ni kwa sababu hiyo. Hakuzamisha pua ndani ya glasi kama shemeji, aliyevuta pumzi kwa nguvu akatoka na machozi. Aliishika chini ya kidevu kwanza, mdomo wazi kidogo, akaipandisha polepole. Kileo huua pua kwa dakika kadhaa ukikivuta kwa pupa, na mdomo ulio wazi hukipa njia ya kupita. Kila baada ya glasi alinusa mkono wa sweta lake. Harufu yako mwenyewe umeizoea, kwa hiyo inairudisha pua mahali pake kuliko kahawa ambayo watu hupenda kuiweka mezani.

Glasi ya kwanza aliitaja bila kusita: zabibu kavu, karanga za kukaanga, karafuu. Karafuu hiyo si njozi. Mbao za mwaloni zinapochomwa ndani ya pipa hutoa yujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Ya pili akasema nazi kavu na vanila. Hizo nazo hutoka kwenye mwaloni, hasa wa Marekani, kwenye mapipa yaliyowahi kuhifadhi bourbon, wiski ya Marekani. Nazi huletwa na kundi la kemikali liitwalo laktoni, na hujitokeza zaidi kwenye wiski nyepesi ya nafaka ambayo michanganyiko mingi imejengwa juu yake. Ya tatu akakunja uso: "Hii ni ya kuondolea rangi ya kucha. Na unga mbichi." Ndiyo ilikuwa ya pauni 14. Sheria inadai angalau miaka mitatu ndani ya pipa la mwaloni, tena Scotland kwenyewe, na pipa likiwa limeshatumika mara kadhaa, miaka mitatu haitoshi kulainisha kileo kibichi. Ukali wa kutengenezea ulikuwa bado mle ndani, juu ya utamu usio na kitu nyuma yake.

Ya nne aliiita asali, ganda la chungwa, laini, halafu akakaa kimya akisubiri. "Imeshaondoka," akasema.

Ya tano: "Nazi tena. Si ni ile ya pili hii?"

Hakuna mwingine aliyeligundua hilo. Karatasi ya shemeji ilionyesha glasi ya pili alama 11 na ya tano alama 16, kwa wiski moja kutoka chupa moja. Ndiyo faida ya glasi ya mtego. Inakuonyesha ukubwa wa mtetemo wa kipimo chako mwenyewe. Kama glasi mbili za kitu kimoja umezitenganisha kwa alama 5, basi tofauti yoyote ndogo kuliko hiyo kwenye karatasi yako isome kama sare. Watu huandika alama 87 na 89 kati ya 100 kwa wiski mbili kana kwamba wana mizani ya sonara. Wapewe glasi ya mtego kwanza.

Ya sita haikuhitaji pua. Moshi, lami, iodini. Muuguzi wetu akasema inanuka wodi na akaipa alama 6, aliyeketi kando yake akaipa 18, na wote wawili walikuwa sahihi. Wiski ya piti haipimwi kwa wastani wa meza. Kinachopimwa ni kama chini ya moshi kuna kitu, na kwenye Lagavulin kipo: matunda makavu na utamu unaokaa kooni muda mrefu.

Kisha tukaongeza mililita 15 za maji ya kawaida, si ya baridi, kwenye kilichobaki kwa wale waliokuwa wameonja kwa kulowesha ulimi tu. Kwa kipimo kamili hapo unafika asilimia 20, nguvu wanayoitumia wachanganyaji wa viwandani kunusia sampuli zao. Maji hayafichi kasoro, huzifukua. Ya tatu ilivunjika kabisa, ikabaki harufu ya unga uliolowa. Ya kwanza ilifunguka. Ya nne ilibaki nzuri na nyembamba.

Mzee akatoka jikoni na chupa. Kwa jumla ya alama, Bunnahabhain ya pauni 40 ilikuwa mbele, Lagavulin ikifuata licha ya ile 6, kisha ile ya pauni 150, Black Label ikiipumulia kisogoni, na ya pauni 14 mkiani, mbali. Shemeji alikuwa ameipa chupa yake mwenyewe 13. Aliinusa tena huku akiitazama lebo, akasema sasa anaona kina chake. Namuamini. Lebo nayo ni kiungo, ndiyo maana tuliifunga.

Mzee hakumcheka. Alichukua kalamu akaandika nyuma ya karatasi ya alama. Mwaka ule ushuru wa pombe kali Uingereza ulikuwa pauni 28.74 kwa kila lita ya kileo halisi, kwa hiyo chupa ya mililita 700 ya asilimia 40 ililipa pauni 8.05, iwe ya supamaketi au ya boksi la kitambaa. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 20. Kwenye chupa ya pauni 14, bei ikiwa tayari na kodi hiyo ndani yake, hiyo ni pauni 2.33. Toa zote mbili, zinabaki pauni 3.62 za kulipia shayiri, nafaka, pipa, miaka mitatu ya ghala, chupa, usafiri na duka. Kwenye Black Label ya 28 hubaki pauni 15.28. Kwenye Bunnahabhain ya 40, ambayo ushuru wake ni mkubwa kidogo kwa sababu ya nguvu, hubaki 24. Bei imepanda karibu mara tatu, ila fedha zilizokwenda kwenye wiski zimepanda zaidi ya mara sita.

"Hapo unanunua kinywaji," akasema. Kwenye ile ya 150 hubaki karibu pauni 117. Na hizo?

Sehemu yake ni halali. Pipa hupoteza kama asilimia 2 kila mwaka kwa mvuke. Pipa la lita 250 likikaa miaka 16 hubaki na lita 180 hivi, na likikaa 25 hubaki na 150, huku gharama ya ghala ikiendelea kuhesabiwa. Mchanganyiko ghali unaweza kuwa na wiski za zamani mno ndani yake. Lakini kama lebo haitaji umri, hujui ni kiasi gani, na ukishashushwa mpaka asilimia 40 wiski ya zamani na wiski changa zote huongea kwa sauti ndogo. Kilichobaki ni boksi, uadimu na jina.

Shemeji akapinga, na alikuwa na hoja. Akasema tumewaonea waliotia nguvu zaidi kwenye chupa, kwa kuwa asilimia 46 ni sehemu ya kile mtu anachokilipia. Kweli. Tukamimina tena, safari hii kila chupa kwa nguvu yake. Bunnahabhain ikazidi kujitenga na wenzake. Hoja yake ikawa imeiangusha zaidi chupa yake.

Mzee akamalizia kwa barafu. Akatia kipande kimoja kwenye Bunnahabhain na kimoja kwenye ile ya pauni 14. Baada ya dakika chache ya kwanza ikafanya ukungu, kwanza nyuzi nyembamba kandokando ya barafu, kisha glasi nzima. Ya pili ilibaki angavu. Mafuta asilia ya wiski huganda yakipozwa, hasa nguvu ikishuka chini ya asilimia 46. Viwanda vingi huipoza wiski mpaka karibu nyuzi sifuri na kuichuja ili mteja asidhani imeharibika. Bunnahabhain 12 haichujwi hivyo, wala haitiwi rangi, na mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa yanaufanya ulimi uhisi unene.

Chupa ya 150 ilirudi kwenye boksi lake, kwa sharti la mzee kwamba isimame wima. Si mvinyo: kileo kikali kikilala juu ya kizibo hukila. Ikibaki theluthi, ihamishwe kwenye chupa ndogo, maana hewa iliyojaa juu huichosha ndani ya miezi. Ile ya 14 hakuna aliyeitaka mpaka dada wa Tanga alipoichukua. Krismasi ilikuwa inakaribia, naye alikuwa na nusu kilo ya zabibu kavu za keki. Mililita 150 zinatosha kuziloweka usiku kucha kwenye bakuli lililofunikwa. Kinachobaki, akasema, ni cha wenye soda.